Mdomo wa Bata na Kigoda cha Milansi

Ndugu msomaji, kuna neno moja linalotumika ovyo sana hapa kwetu, nalo ni neno "asili". Ngoma ya asili, vazi la asili, dawa ya asili, hata kuku siku hizi wana asili yao. Nenda kwenye mashindano yoyote ya ngoma utasikia watu wanabishana: eti kikundi fulani kimechanganya mambo, kimeingiza filimbi ya refa, kimevaa kaptula kama askari, basi hiyo si asili tena, wapunguziwe maksi. Na anayesema hivyo mara nyingi amevaa suruali na ana saa mkononi, lakini hayo hayaulizwi.

Mimi nataka kuliuliza neno hilo maswali machache. Na ili tusije tukabishana hewani kama walevi wa pombe ya ulezi, nitalipitisha katika chombo kimoja tu cha muziki, saksafoni. Wanamuziki wetu wa dansi hawakutaka kujisumbua na jina hilo refu, vyombo vya kupuliza wakaviita midomo ya bata. Jina zuri, na ukikiangalia chombo chenyewe kilivyojikunja utakubali kwamba bata hakuonewa.

Saksafoni haina hata babu mmoja Afrika. Hata huko Ulaya ni mtoto wa juzi tu. Aliyeibuni ni Adolphe Sax, Mbelgiji aliyezaliwa mwaka 1814 katika mji wa Dinant, mtoto wa fundi wa vyombo vya muziki. Alihamia Paris, na mwaka 1846 akapewa hataza ya chombo chake kipya. Mwili wake ni wa shaba, lakini kinachotoa sauti ni ulimi mwembamba wa mwanzi unaofungwa mdomoni, ndiyo maana wataalamu hukiweka katika ukoo wa filimbi za mti na si wa tarumbeta. Sax alikuwa na soko moja akilini: bendi za jeshi la Ufaransa. Alitaka chombo chenye nguvu ya tarumbeta, kinachosikika uwanjani wakati askari wanapita, lakini chenye ulaini wa filimbi. Jeshi likakipokea. Mwenyewe alifilisika zaidi ya mara moja, akafa mwaka 1894 akiwa maskini.

Kumbuka jambo hilo, kwamba saksafoni ilizaliwa kwa ajili ya gwaride. Sasa twende mbali kidogo, halafu nitakurudisha nyumbani Ufipa.

Huko Peru, Amerika ya Kusini, katika milima ya Andes, kuna bonde linaloitwa Mantaro. Miji yake mikubwa ni Huancayo na Jauja. Liko juu sana, zaidi ya mita 3,000 kutoka usawa wa bahari, wakati sisi uwanda wetu wa Ufipa hauzidi sana mita 2,000 na bado asubuhi ya Juni tunajikunyata. Watu wa bonde hilo ni wakulima wa viazi na mahindi, wana sikukuu nyingi kupita kiasi, na kila sikukuu ina ngoma yake. Jauja, kwa mfano, mwezi Januari wanacheza tunantada, ngoma ya vinyago inayowaigiza mabwana wa Kihispania na wasafiri wa zamani. Na muziki wa ngoma hiyo ya jadi unapigwa na nini? Kinubi, fidla, klarineti, na saksafoni. Tena si saksafoni moja. Ni kundi zima, ndogo kwa kubwa, zikipiga kwa pamoja mpaka sauti inakuwa nzito kama uji wa dona.

Saksafoni zilifikaje kule? Kwa njia ya bendi za jeshi. Vijana wa vijijini walichukuliwa kwenda jeshini, wengine wakafundishwa vyombo vya bendi, wakarudi kwao na ujuzi. Reli ilifika Huancayo mwaka 1908, bidhaa zikaanza kupanda mlima. Klarineti iliingia kwanza, mwanzoni mwa karne ya 20, na saksafoni ikafuata, ikashika mizizi hasa miaka ya 1940. Walikuwepo watu waliokasirika. Wapenzi wa usafi wa utamaduni walilalamika kwamba chombo hicho cha kigeni kinaua muziki wa Waindio. Wanamuziki wa bondeni hawakuona hivyo. Na walikuwa na jibu gumu sana mkononi: kile kinubi na ile fidla mnavyoviita vya asili, vililetwa na nani? Vililetwa na Wahispania waliowateka babu zetu. Kama mgeni wa karne ya 16 ameshakuwa mwenyeji, mgeni wa karne ya 20 kosa lake ni nini? Kuchelewa?

Leo ukienda Huancayo ukamwambia mtu kwamba saksafoni si chombo cha kwao, atakuangalia kama vile umemwambia viazi si chakula cha kwao.

Hapo ndipo swali langu linapoanzia. Sisi nasi tulipata bendi za jeshi. Tulipata vijana waliochukuliwa wakarudi. Tulipata wamisionari, reli (hata kama haikufika Sumbawanga), meli ya ziwani na santuri. Kwa nini basi saksafoni haimo katika ngoma zetu? Kwa nini ukiitaja saksafoni Tanzania mtu anafikiria ukumbi wa dansi, taa za rangi na kiingilio mlangoni, na hafikirii uwanja wa kijiji wakati wa mavuno?

Jibu rahisi ni kusema Waafrika tulishikilia mila zetu kuliko Waindio. Jibu hilo linapendeza masikioni, lakini si la kweli. Historia inaonyesha kinyume chake.

Bendi ya kigeni iliwafikia watu wa mwambao mapema. Unguja, Sultani alikuwa na bendi yake ya shaba, iliyopigwa na Wagoa. Mombasa na Lamu, katika miaka ya 1890, vijana waliyaona magwaride ya Wazungu wakayachukua wakayageuza ngoma. Wakaiita beni, kutokana na neno "bendi". Vilikuwa vikundi vya mashindano hasa, mtaa kwa mtaa, chama kwa chama, vyenye sare, vyeo, mfalme, majenerali, madaktari na makarani. Ilipovuka kuingia Tanganyika beni ilijigawa katika vyama viwili vikubwa vilivyotambiana kila mji: Marini na Arinoti. Marini walijihesabu watu wa mwambao, waungwana na wasomi. Arinoti wakawa zaidi watu wa bara na wa kazi ngumu. Mwanahistoria Terence Ranger aliandika kitabu kizima juu ya ngoma hii, kilichotoka mwaka 1975, na hoja yake kubwa ni kwamba beni haikuwa uigaji wa kijinga. Watu walikuwa wanaichukua nguvu ya mkoloni, wanaivaa, wanaichezea, wanaipanga upya kwa faida yao. Ulikuwa ni umoja wa kusaidiana wakati wa msiba na ugonjwa, na wakati huohuo ni burudani.

Sasa ikaja Vita ya Kwanza ya Dunia. Askari Waafrika walikuwa pande zote mbili, kwa Mjerumani na kwa Mwingereza, na pande zote mbili walicheza beni. Na hapa, ndugu msomaji wa Rukwa, historia inagonga mlango wetu. Boma la Wajerumani lilikuwa Bismarckburg, ndiyo Kasanga ya leo, pale ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Waingereza walilichukua Juni 1916. Na vita vilipokwisha, Jenerali von Lettow-Vorbeck hakusalimu amri Dar es Salaam wala Tabora. Alisalimu amri tarehe 25 Novemba 1918 pale Abercorn, mji unaoitwa Mbala sasa, upande wa pili tu wa mpaka. Maana yake ni kwamba wale askari waliokuwa wamezunguka na nyimbo zao za beni miaka minne mizima, walikuja kuweka bunduki chini mlangoni kwetu, mahali ambapo mtu wa Ufipa anafika kwa miguu kwa siku chache.

Baada ya vita, askari na wapagazi wakasambaa kurudi makwao, na ngoma ikasambaa nao. Ilienda Rhodesia ya Kaskazini ikaitwa mbeni. Kutoka humo, katika miji ya migodi ya shaba, ikazaliwa kalela, ambayo mtaalamu Clyde Mitchell aliiona Luanshya mwaka 1951 akaiandikia kitabu. Wachezaji wa kalela walivaa suruali zilizopigwa pasi na tai, walikuwa na "mfalme" wao na "daktari" wao, na ngoma zao kubwa zilitengenezwa kwa mapipa ya mafuta yaliyowambwa ngozi ya ng'ombe. Ilienda Nyasa pia. Kwenye Ziwa Nyasa, upande wa Malawi wanaiita malipenga, na kwetu upande wa Ruvuma kuna mganda. Wanaume wanajipanga mistari kama kombania, wamevaa nadhifu, wanapiga hatua za gwaride.

Na tarumbeta zao? Hapo ndipo panapofurahisha. Vyombo vya shaba vilikuwa ghali, havikamatiki. Basi walichukua vibuyu. Wakavitoboa, wakaweka pembeni utando mwembamba wa buibui, ule anaofunikia mayai yake. Mtu akiimba ndani ya kibuyu ule utando unatetemeka, sauti inatoka inakwaruza na kuvuma kama chombo cha shaba. Kuna vibuyu vidogo vya sauti ya juu na vikubwa vya sauti ya chini, vikipangwa pamoja ni bendi kamili. Adolphe Sax alichukua shaba na mwanzi akatengeneza chombo cha gwaride. Mkulima wa Nyasa alichukua kibuyu na buibui akafika palepale, bila hataza na bila Paris.

Kwa hiyo si kweli kwamba tulikataa bendi. Tuliichukua yote: mstari, sare, vyeo, hata sauti yenyewe. Tulichokosa ni chombo.

Wafipa wana hadithi yao kuu inayoweza kutusaidia kufikiri hapa. Mwanaanthropolojia Mwingereza Roy Willis, aliyekaa Ufipa mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliikusanya kwa wazee na kuiandikia sana. Inasema kwamba mtawala wa kwanza, Ntatakwa, alishuka kutoka mbinguni, na kijiji chake kikawa Milansi. Siku moja mtawala wa Milansi akaenda kuwinda. Alimwachia mkewe onyo kwamba wageni wakija, asiwape kigoda cha utawala. Wageni wakaja kweli, wanawake watatu kutoka mbali, na mke kwa hofu akakitoa kigoda. Mume aliporudi alikuta mgeni amekalia kiti chake. Hakuchinja mtu. Wakafanya mapatano: wageni watawale nchi, lakini Milansi ibaki Milansi, na heshima yake ya kuwa ya kwanza isiguswe. Kutoka kwa wageni hao ndiko walikotoka watemi wa Watwa, na baadaye nchi ikagawanyika kuwa falme mbili, Nkansi na Lyangalile.

Angalia sasa. Hadithi ambayo Wafipa wanaitumia kujieleza wao ni nani, haisemi "sisi ni safi, hatukuchanganyika". Inasema mgeni alikuja, akapewa kigoda, na kukawa na mapatano. Jambo linalopewa uzito mle ndani ni masharti, nani anabaki na nini. Ukija upande wa kilimo utaona akili ileile. Mkulima wa Kifipa wa zamani hakuchoma nyasi zote akaanza upya. Alizifukia ndani ya matuta ya mviringo, intumba, zikaoza humo zikawa mbolea ya ulezi wa msimu uliofuata. Kilichokuwa magugu kikawa chakula.

Sasa tuipime saksafoni kwa kipimo hicho, tuulize masharti yake yalikuwa yapi ilipokuja Tanganyika.

Haikuja kama kibuyu kilivyokuja. Kuanzia miaka ya 1930 vijana wa mijini walianza kuona beni ni mambo ya wazee. Wakaanzisha vilabu vya dansi, na vikundi vikajiita "jazz", ingawa jazz yenyewe ya Marekani haikuwemo sana. Dar es Salaam Jazz ilikuwepo tangu miaka hiyo, Morogoro Jazz ikaanzishwa mwaka 1944. Santuri za GV, zilizoanza kutoka mwaka 1933, zilileta rumba ya Cuba, na vijana wakaipenda kufa. Salum Abdallah wa Morogoro hata bendi yake aliiita Cuban Marimba. Congo ya jirani nayo ilikuwa inapuliza. Isaac Musekiwa, mpuliza saksafoni kutoka Rhodesia ya Kusini, alipitia Lubumbashi akaishia katika OK Jazz ya Franco. Mwaka 1961 Manu Dibango wa Kamerun alijiunga na African Jazz ya Kabasele akiwa na saksafoni yake, na Verckys naye akaja kuwika. Mawimbi ya redio kutoka ng'ambo ya ziwa hayahitaji pasipoti, watu wa Kirando na Kipili walikuwa na masikio kama wengine.

Lakini gitaa la umeme, spika na midomo ya bata vinataka pesa nyingi. Nani alikuwa nazo? Baada ya uhuru jibu likawa moja: serikali, jumuiya na mashirika ya umma. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, ikaja kuwa JUWATA, kisha OTTU, na sasa watu wanaiita Msondo. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilikuwa na Urafiki Jazz. Shirika la Bima lilikuwa na Bima Lee. Polisi walikuwa na yao. Mlimani Park ilianza mwaka 1978 chini ya shirika la usafiri, baadaye ikawa mali ya shirika la maendeleo la jiji, DDC. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa. Alipata mshahara, na hilo si jambo dogo, wengi wa Afrika hawakulipata. Muziki uliotoka humo ni hazina, mimi sitaki mtu anitukanie Sikinde. Ila chombo hakikuwa chake. Akigombana na uongozi aliondoka na ujuzi wake mdomoni na mikono mitupu, saksafoni ikabaki stoo. Na mashirika yalipoyumba miaka ya 1980 na kubinafsishwa miaka ya 1990, vyombo vilikwenda njia ya viti na makabati ya ofisi.

Linganisha na Mantaro. Kule mwenye saksafoni alikuwa ni mkulima mwenyewe au mjomba wake. Bonde lile lilikuwa na wakulima wadogo wenye mashamba yao, karibu na migodi ya Cerro de Pasco na La Oroya, na mbele zaidi soko la Lima. Kijana anafanya kazi mgodini, anarudi kwao na fedha, ananunua chombo. Halafu kuna mdhamini wa sikukuu, mtu wa palepale kijijini, anayeona fahari kuialika orkestra kubwa kuliko ya mwaka jana na kuilipa. Sikukuu zinajulikana kwa tarehe, kwa hiyo mpuliza saksafoni ana kazi mwaka mzima. Chombo kiliingia katika ngoma kwa sababu wenye ngoma ndio walioamua kiingie, na ndio waliolipa.

Ufipa nako vijana waliondoka. Walikwenda kwenye dhahabu ya Lupa kule Chunya, walikwenda kukata mkonge, wengine wakavuka kwenda kwenye shaba ya Rhodesia. Lakini mkonge ulikuwa mwambao, safari ya majuma, na ujira wa manamba ulikuwa wa kununua nguo, jembe, blanketi na kulipa kodi. Mtu akijitahidi sana alirudi na baiskeli. Saksafoni ungeirudisha Sumbawanga ya wakati ule ukafanyie nini? Ulimi wa mwanzi ukipasuka, fundi yuko wapi? Barabara ya kwenda Tunduma tu, zaidi ya kilomita 200, ilikuwa vumbi na matope mpaka ilipokuja lami katika miaka ya 2010. Kwa hiyo ukiniuliza kwa nini mdomo wa bata haukukaa kwenye kigoda cha ngoma zetu, nitakwambia ni bei, ni umbali na ni umiliki. Damu na mila hazikuhusika.

Kuna sababu ya nne, nayo tuliitengeneza wenyewe tukiwa huru. Desemba 1962 Mwalimu Nyerere, akihutubia kama Rais wa Jamhuri, alitangaza wizara mpya ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Alisema kwa uchungu kwamba wasomi wengi walijua kucheza rumba na cha-cha-cha, lakini gombe sugu, mangala au lelemama hata kuzisikia hawajazisikia. Alikuwa na haki ya kuumia. Mtoto aliyefundishwa kuona haya ngoma ya bibi yake ameibiwa. Lakini katika utekelezaji wa miaka iliyofuata ukajengwa ukuta: huku ngoma, kule dansi. Ngoma ni kijiji, ni jana, ni kucheza uwanja wa ndege kumpokea mgeni wa taifa. Dansi ni mji, ni leo, ni bia. Mpiga ngoma na mpuliza saksafoni wakawa hawakutani hata kwa bahati mbaya.

Na cha kuchekesha ni hiyo lelemama yenyewe. Mombasa, miaka ya 1930 na 1940, vyama vya akina mama vya lelemama kama Ibinaal Watan na Banu Saada vilichukua mambo ya beni, vikavaa sare na kushindana kwa gwaride. Ngoma iliyotajwa kama mfano wa kitu chetu halisi ilikuwa imeshakutana na bendi ya mzungu miaka mingi kabla ya hotuba. Na haikufa. Ilinenepa.

Ukuta ule siku hizi unabomoka wenyewe, na wanaoubomoa si wasomi. Simama barabarani mjini Jumamosi. Utaona pikapu inapita polepole, nyuma wamesimama vijana wana tarumbeta, trombone, ngoma, pengine na saksafoni, wanampeleka bibi harusi. Hao ndio matarumbeta. Send-off wapo, harusi wapo, kipaimara wapo. Makanisa ya Kilutheri na Moravian yamelea wapuliza tarumbeta kwa vizazi, na wengi walijifunzia humo. Unguja beni bado inapigwa harusini, akina mama wanacheza barabarani. Angalia masharti yake: mwenye shughuli ndiye anayeita, ndiye anayelipa, wimbo unaopigwa ni ule ambao shangazi anaujua, na shangazi akianza kucheza bendi inamfuata yeye, yeye haifuati bendi. Huko ndiko Mantaro ilikopitia.

Kwa hiyo sioni ubaya siku moja nikienda kwenye sherehe ya mavuno Matai au Laela, nikakuta ngoma za Kifipa zinaunguruma na pembeni kuna mdomo wa bata unajibu wimbo wa akina mama. Ila nitauliza maswali matatu kabla sijapiga makofi. Chombo ni cha nani? Wimbo ni wa nani? Na nani anayeamua unaisha saa ngapi? Majibu yakiwa ni watu wa hapo, basi hiyo ni ngoma yao, muamuzi na kalamu yake nyekundu akae pembeni. Majibu yakiwa ni mfadhili kutoka mbali anayetaka picha, basi hata wakivaa ngozi na manyoya na kupiga kila kitu kama mwaka 1850, hapo hakuna asili yoyote.

Nayasema haya katika gazeti la waandishi chipukizi kwa makusudi. Sisi wenyewe tunapuliza mdomo wa bata. Riwaya tunayohangaika kuiandika usiku kwa mshumaa haikuota Milansi. Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, mashairi yasiyo na vina wala mizani, alishambuliwa kwa hoja zilezile walizoshambuliwa nazo wapuliza saksafoni wa Huancayo: hii si yetu. Leo watoto wanamsoma shuleni. Anayekuambia hadithi yako si ya Kiafrika kwa sababu ina sura na aya kama za Wazungu, mjibu kwa kibuyu cha mganda. Lakini ujiulize na yale maswali matatu. Unamwandikia nani? Lugha ni ya nani? Nani anaamua inaishaje?

Na kuna kazi moja ya haraka kuliko kubishana. Waliocheza beni wenyewe tumeshawazika. Wamebaki watoto wao na wajukuu, wazee walio vijijini Kasanga, Namanyere, Mpui na kwingineko, ambao waliwaona baba zao wakipanga mistari au walisikia nyimbo zile jikoni kwa mama. Nenda na daftari. Usiulize "ngoma ya asili ilikuwaje", maana atakupa jibu analofikiri unalitaka. Uliza walivaa nini, nani alikuwa mfalme, chombo kilitengenezwa kwa kitu gani, nani alichangia pesa. Andika kama anavyosema, kwa Kifipa kama ni Kifipa, tarehe na jina la kijiji juu ya ukurasa. Halafu ilete hapa tuisome.